Injini ya Maboksi

Kabla injini ya chuma haijaingia kwenye Land Rover yangu, iliingia ya maboksi. Niliitengeneza sebuleni na mwanangu wa kidato cha pili kwa katoni za mafuta ya kula, vipande vya plaiwudi na gundi ya mbao, tukiwa na vipimo tulivyochukua kwa futikamba kwenye gereji ya jirani. Ilikuwa na umbo la Toyota 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser: silinda sita mstari mmoja, sampu yake ya oili, feni, mahali pa ekzosi, mahali pa alteneta. Tuliibeba wawili, tukaishusha chini ya boneti kama watu wanaobeba mgonjwa. Haikuingia. Sentimita tisa zilikosekana kati ya feni na rejeta.

Sentimita hizo zingenigharimu pesa nyingi kama ningezigundua injini halisi ikining'inia kwenye mnyororo na gari limeshafunguliwa kila kitu. Kwenye maboksi ziligharimu jioni mbili na chupa ya gundi. Naandika haya kwa sababu tangu gari likamilike watu wengi wananiuliza bei ya injini, na wachache sana wananiuliza nilipanga vipi. Injini haikufika hata theluthi moja ya fedha niliyotumia, na ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Arusha. Mke wangu ni muuguzi. Kwa miaka mingi tuliongea habari ya kuzunguka nchi yetu wakati wa likizo bila kutegemea nyumba za wageni: kwenda Katavi, Kigoma, Kitulo kipindi cha maua, na kulala popote usalama unaporuhusu. Tulikuwa na Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, ile ya mabati ubavuni isiyo na madirisha nyuma, tuliyoinunua kwa parokia moja iliyokuwa ikiitumia kubebea vifaa. Ilikuwa na injini yake ya kiwandani, 300Tdi. Gari zuri, limetunzwa, chasisi haina kutu. Nilitaka kuligeuza liwe gari la kulala watu wawili, na mtoto juu kwenye paa la kunyanyuka, kama yale mafundi wa hapa wanayowafungia watu wa utalii.

Kilichonisukuma kubadili injini ni mlima wa Mto wa Mbu. Tulikuwa tunapanda kuelekea Karatu, mchana, gari limejaa. Hosipaipu ya maji ilipasuka. Kosa lilikuwa langu, kwa maana mpira ulikuwa umeshaanza kuota nyufa na nilijua. Sindano ya joto ilipanda, nikadhani nitafika juu ndipo nisimame. Sikufika. Silinda hedi ilipinda. Tulivutwa hadi Karatu, tukakaa siku nne tukisubiri gasketi na vifaa vingine vije kutoka mjini, na katika siku hizo nne nilihesabu Land Cruiser zenye 1HZ zilizopita mbele ya ile gereji mpaka nikaacha kuhesabu. Kijana wa pale aliniambia neno ambalo lilinikaa: "Mwalimu, ingekuwa 1HZ ungeshaondoka jana. Gasketi yake hata dukani pale ng'ambo ipo."

Nikarudi nyumbani nimeshaamua. Hapo ndipo mwalimu wa fizikia alipokuja kumsaidia mwenye gari, kwa sababu nilikaa na daftari nikaandika tarakimu za injini zote mbili, moja kando ya nyingine.

300Tdi ina ujazo wa cc 2,495, silinda nne, turbo, na kitabu chake kinasema inatoa nguvu farasi 111 na nguvu ya kusokota ya nyutoni mita 265 kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. 1HZ ina cc 4,164, silinda sita, haina turbo, na inatoa nyutoni mita 285 kwenye mizunguko 2,200. Nilizitazama tarakimu hizo kwa muda mrefu. Injini iliyo zaidi ya mara moja na nusu kwa ukubwa, nzito zaidi, inayokunywa dizeli zaidi, inanipa nyongeza ya nyutoni mita 20 tu, tena kwenye mizunguko ya juu zaidi.

Na hiyo ni usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Arusha yenyewe iko kama mita 1,400. Ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,200. Pale juu zile nyutoni mita 285 zinashuka kukaribia 220, wakati Tdi, kwa kuwa turbo inaisukumia hewa, inabaki na sehemu kubwa ya nguvu zake. Maana yake ni kwamba mahali pale pale nilipotaka gari liwe na nguvu zaidi, lingekuwa na nguvu pungufu kuliko lilivyotoka kiwandani.

Nilifunga daftari. Kwa wiki mbili sikutaka hata kuliona gari.

Mke wangu ndiye aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa siku ya kwanza: "Kwani unatafuta nguvu, au unatafuta kutokwama Karatu siku nne?" Nilipojibu kwa ukweli, nilikuta sikuwahi kulalamikia nguvu ya Tdi hata mara moja. Nililalamikia kusubiri vifaa. Na njia tunazotaka kupita, Mpanda, Uvinza, Kibondo, Loliondo, ni njia ambazo magari ya hospitali, ya halmashauri na ya mashirika yamekuwa ni Land Cruiser tangu zamani. 1HZ imekuwepo tangu 1990, haina kompyuta, na fundi wa wilayani ameshaifungua mara nyingi kiasi cha kuifahamu kama mwanawe. Nikaandika juu ya ukurasa mpya: "Sababu: vifaa na mafundi njiani. SI nguvu." Sentensi hiyo iliniokoa mara nyingi baadaye, maana kila aliyekuja na ushauri wa kuongeza turbo nilimwonyesha. 1HZ haikutoka kiwandani na turbo. Ukiiongezea turbo na dizeli juu yake bila kujua joto la ekzosi, umeshaiondoa ile tabia ya uvumilivu uliyoifuata.

Wapo watakaosema ningetengeneza Tdi yangu, nikabeba sanduku la vifaa, nikasafiri. Nawaheshimu, na kwa mtu asiye na muda wala akiba ningempa ushauri huo huo. Mimi nilitaka gari ambalo mke wangu anaweza kuharibikiwa nalo akiwa peke yake Kibondo na akapata msaada siku ile ile.

Baada ya injini likaja la giaboksi, na hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko kote.

Fundi wangu ni mzee ambaye amefanya kazi na Land Rover tangu enzi za 109, zile za kabla ya Defender. Alichopendekeza kilikuwa chepesi kusikia: tuchukue vyote vya Toyota, injini, giaboksi na transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma) kama vilivyo, tuvifunge kwenye chasisi ya Land Rover, tubaki na ekseli za Land Rover. Vitu vimeshazoeana, alisema, havitagombana. Nilikubali kwa moyo wote. Usiku nikawa naangalia picha ya chini ya gari, nikijaribu kufuata kila kitu kutoka injini hadi gurudumu, na nikakwama mahali pamoja. Kesho yake nikaenda gereji.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba Mwalimu. Umeleta hela ya injini?"

"Bado, Mzee. Nimekuja na swali. Tukitoa transfa ya Land Rover, breki ya mkono itakaa wapi?"

Hakujibu. Alichukua tochi akaingia chini ya gari. Alikaa huko kitambo. Alipotoka alijifuta mikono akasema, "Haya, tuanze upya."

Breki ya mkono ya Defender haiko kwenye magurudumu ya nyuma. Ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya transfa, inashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Ukiitoa transfa hiyo, umeitoa breki ya mkono, na ekseli za Land Rover hazina mahali pa kuifunga nyingine. Land Cruiser breki yake ya mkono iko kwenye magurudumu, kwa hiyo transfa ya Toyota haina dramu hiyo. Gari la kulala watu, linaloegeshwa kwenye miteremko usiku, halina breki ya mkono! Na mzee wangu ni fundi mzuri. Ameshika breki hiyo mara elfu. Ila hakuna aliyekuwa ameuliza.

Tulipoanza upya tulikaa na mambo matatu mezani. La kwanza ni uwiano wa meno ya difu, yaani gia zilizo ndani ya ekseli. Defender ina 3.54 mbele na nyuma. Land Cruiser nyingi za 1HZ tulizozipima hapa mjini zina 37 kwa 9, yaani 4.11. Mtu akichanganya, akaweka difu moja ya huku na moja ya kule, kila magurudumu yanapozunguka mara 100, propela moja inataka kuzunguka mara 354 na nyingine mara 411, na zote zimefungwa kwenye transfa moja. Kwenye tope tairi zitateleza zitoe mgogoro huo. Kwenye lami kitu kitavunjika. Kupima ni rahisi, huhitaji kufungua difu: nyanyua magurudumu yote mawili ya ekseli, weka gia huru, chora chaki kwenye gurudumu na kwenye propela, zungusha magurudumu yote mawili mzunguko mmoja kamili kwa pamoja, hesabu propela imezunguka mara ngapi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliifanya kama zoezi na walipata 3.5.

La pili ni upande wa difu. Difu la mbele halikai katikati ya gari, linakaa pembeni, na propela ya mbele lazima itoke kwenye transfa upande huo huo. La tatu ni aina ya mfumo wenyewe. LT230, transfa ya Defender, inaendesha magurudumu manne muda wote na ina difu la katikati linaloweza kufungwa kwa mkono. Transfa ya Land Cruiser ya aina ile ni ya kuchagua, mbili au nne. Kwa mtu anayesafiri kwenye barabara inayobadilika kutoka lami kuwa kokoto kuwa tope ndani ya saa moja, mfumo wa kudumu ni faraja kubwa, hasa gari likiwa refu kwenda juu.

Tukaamua: injini ya Toyota, giaboksi ya Land Rover R380 iliyokuwemo, na LT230 ibaki pale pale ilipo. Propela zote mbili hazisogei, difu haziguswi, breki ya mkono inabaki. Jina la R380 lenyewe linatokana na nyutoni mita 380 ilizobuniwa kuzibeba, kwa hiyo 285 haziitishi. Kazi yote ikawa imehamia sehemu moja, pale injini inapokutana na giaboksi.

Kuna waliotaka nibadilishe na meno ya transfa, niweke ya Discovery yenye 1.22 badala ya 1.41 ya Defender, ili injini izunguke polepole barabarani. Nilipiga hesabu. Tairi zangu ni 7.50R16, nilizipaka chokaa nikasukuma gari uani, mzunguko mmoja ukatoa mita 2.45. Kwa kilomita 80 kwa saa, gia ya tano, na meno ya 1.41, injini inazunguka kama mara 2,100 kwa dakika. Hapo ni karibu kabisa na 2,200 ambapo 1HZ ina nguvu yake kubwa ya kusokota. Kwa 1.22 ingeshuka hadi 1,800, na kila kilima ningeshuka gia. Nikaacha kama ilivyo. Kwenye gia ya kwanza ya low, ile nzito ya transfa, jumla ya meno ni karibu 43 kwa 1, na gari linatambaa kwenye mawe mguu wangu ukiwa haugusi kitu.

Injini nusura ninunue isiyofaa. Nilipata 1HZ safi, bei nzuri, imetoka kwenye Coaster ya Japani. Aina ya injini ni ile ile, watu wakaniambia 1HZ ni 1HZ. Tulipoikagua kwa utulivu tukaona stata imeandikwa volti 24, alteneta 24, plagi za kupashia joto nazo hivyo hivyo, hata solenoidi ya kukatia mafuta. Sampu yake nayo imetengenezwa kwa basi lisilo na ekseli inayozunguka chini ya injini. Kina chake kilikuwa mahali ambapo ekseli yangu ya mbele hupanda gari linapogonga shimo. Kubadilisha vyote hivyo kungeimaliza ile nafuu ya bei na kuzidi. Tukasubiri miezi miwili zaidi, tukapata iliyotoka kwenye Land Cruiser, volti 12.

Na nikiwa kwenye alteneta, niseme jambo moja ambalo kwa wanaojenga magari ya kulala ni la hatari. Kwenye 1HZ tulizozikagua, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Mtu anayetaka umeme mwingi kwa ajili ya friji na taa ataitoa alteneta ya kiwandani aweke kubwa ya gari jingine, na asipoangalia atakuwa ameondoa msaada wa breki. Pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na atagundua mteremkoni. Mimi nilibaki na alteneta ya Toyota, nikajaza pengo kwa paneli ya jua kwenye paa. Friji yetu ndogo inakula wastani wa ampea 3. Kwa saa 24 ni kama ampea-saa 72. Betri mbili za 100 na paneli zinatosha, tukipika kwa gesi.

Sasa ile injini ya maboksi. Kwa kuwa transfa haisogei, injini ndefu haina pa kwenda ila mbele. Zile sentimita tisa zilimaanisha rejeta isogezwe mbele na feni ya injini itolewe, ziwekwe mbili za umeme mbele ya rejeta. Sikuipenda feni ya umeme. Ninapokumbuka mlima wa Mto wa Mbu sitaki kitu cha kupoza kitegemee fyuzi. Tukapata njia ya kati: rejeta pana zaidi imesogezwa, fremu yake ikakatwa na kuchomelewa upya, feni ya injini ikabaki kwa nafasi ya vidole viwili, na feni moja ya umeme ikawa msaidizi mbele. Maboksi yalituonyesha pia kwamba ekzosi ingepita karibu mno na bomba la breki, kwamba kichujio cha oili kingekuwa hakifikiki bila kufungua gurudumu, na kwamba ekseli ya mbele ikipanda hadi mwisho inabakiza sentimita tatu na nusu kabla ya kugusa sampu. Hili la mwisho tulilipima kwa kutoa springi za mbele na kuinyanyua ekseli kwa jeki mpaka kwenye mipira yake. Mwanangu alilala chini ya gari na rula akisoma namba kwa sauti. Natamani kila mtu angefanya hivyo kabla ya kununua chochote.

Pleti ya kuunganishia injini na giaboksi ilinifundisha maumivu. Karakana ya kwanza ilikata bamba la chuma kwa moto, ikatoboa matundu kwa kufuata gasketi kama muongozo. Kwa macho ilikuwa nzuri. Lakini shafti ya giaboksi inaingia katikati ya gurudumu la injini (flaiwili) na kukaa kwenye beringi ndogo, na lazima vituo viwili hivyo viwe kimoja. Wanaofanya kazi hizi huruhusu tofauti isiyozidi takriban milimita 0.13. Tulipofunga saa ya kupimia kwenye gurudumu na kuizungusha, ilisoma 0.6. Giaboksi ingekaa hivyo labda miezi michache, ikilia kidogo, kisha beringi ya mbele ingekufa na kuchukua meno pamoja nayo, na mahali ingefia hapajulikani. Nililipa, nikaiacha pleti ile pale ukutani kwangu, nikatafuta fundi wa kukereza mwenye mashine ya kweli. Ilichukua wiki tano na bei mara tatu. Ilisoma 0.09. Klachi nayo ilibidi iwe ya pande mbili: kifuniko kinachofunga kwenye gurudumu la Toyota, na pleti yenye meno ya katikati yanayolingana na shafti ya Land Rover.

Habari ya karatasi ni fupi. Kadi ya gari ina namba ya injini, na ukibadilisha injini namba hiyo haifanani tena na kilichomo ndani. Nilikwenda kuuliza taratibu kabla sijanunua, si baada ya, na nikahakikisha muuzaji ananipa risiti na nyaraka za gari injini ilikotoka. Bila hizo usinunue hata kama injini ni mpya.

Uzito ndio ulioleta machozi nyumbani kwetu. Defender 110 yetu imeruhusiwa na kiwanda jumla ya kilo 3,050, watu, maji, mafuta na kila kitu ndani yake. Nililipeleka tupu, tangi likiwa nusu, kwenye mizani ya ghala la mahindi: kilo 1,960. Injini mpya ingeongeza kama 120, karibu zote mbele, kwa hiyo springi za mbele zilikuwa ni lazima. Kisha tukaandika kila tulichotaka, pamoja na sisi wenyewe. Kitanda na makabati ya mninga, kwa sababu mke wangu anapenda mninga na baba yake alikuwa seremala. Tangi la maji lita 120. Bafu la nje la maji ya moto. Keria ya chuma. Bampa zito lenye winchi. Jumla: kilo 3,240.

Gari lilikuwa limeshazidi na hatujabeba hata unga wa ziada. Tulikaa jioni nzima tukikata. Maji yakashuka hadi lita 60, kilo 60 zikatoka. Bampa na winchi, 60. Badala yake jeki ndefu na vibao vya kukanyagia mchangani. Keria, 70. Bafu, 40. Mninga ndio uliobaki, na mninga peke yake, ukilinganisha na plaiwudi ya milimita 9, ulikuwa kilo 150. Sikusema kitu. Mke wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia niwaache mafundi watumie plaiwudi, ila kizingiti cha mlango wa nyuma kiwe cha mninga. Kiko hapo. Ni ubao mmoja, na kila anayeingia anaukanyaga.

Tulipanga pia mpangilio wa kazi, na hapa nawaona wengi wakigeuza: wanaanza na kitanda kwa sababu kitanda kinaonekana. Sisi kwa miezi kumi hatukugusa ndani. Injini, giaboksi, breki, springi, rejeta, kisha kilomita 1,500 za kuzunguka hapa hapa, Moshi, Babati, Longido, tukisikiliza na kukaza bolti. Ndipo seremala akaingia. Na alipoingia alipewa sharti moja: kifuniko cha juu ya giaboksi na transfa kifunguke kwa dakika kumi bila kuvunja kabati. Alilalamika, lakini alifanya vizuri. Tumeshakifungua mara mbili, na mara ya pili ilikuwa usiku.

Mlima wa Mto wa Mbu tuliupanda tena mwaka jana, mchana, gari limejaa. Gia ya tatu, polepole kuliko Tdi ilivyokuwa ikipanda, kama hesabu ilivyosema. Sindano ya joto ilisogea kidogo tu ikasimama. Tulisimama Karatu kwenye gereji ile, nikamwonyesha yule kijana injini, akacheka kwa furaha kama ni yake.

Wiki iliyopita tulirudi kwenye mizani ya ghala, gari limekamilika, maji yamejaa, sisi wawili ndani: kilo 2,860. Zimebaki 190. Mwezi wa sita tunakwenda Kigoma, na 1HZ inakunywa kama lita moja kwa kilomita saba na nusu, kwa hiyo lile tangi la lita 80 linatupa kama kilomita 600. Nataka tangi la pili la lita 60. Dizeli yake ni kilo 50, tangi lenyewe 15. Mke wangu anasema tukibeba hilo, madumu mawili ya maji ya akiba yasiongezwe. Daftari liko mezani, na hatujakubaliana bado.